Kukosa nyumba na kukosa kwao



Juma hili tunaomba mtuvumilie, maana tutakaa kitambo juu ya neno moja, tena neno ambalo Kiswahili hakina. Kijana mmoja wa jumuiya zetu, aliyekuwa akijaza fomu, alituuliza mtu aliyekosa nyumba anaitwaje kwa Kiswahili fasaha. Aliyefiwa na wazazi ni yatima. Aliyefiwa na mume ni mjane. Asiyezaa ni tasa, asiyeona ni kipofu, aliyeishiwa ni mufilisi. Karibu kila upungufu wa mwanadamu umepewa jina lake. Lakini aliyekosa paa huitwa "asiye na makazi", maneno matatu yaliyoungwa kama viraka juu ya shuka. Tumelitafuta neno lake mwenyewe bila kulipata, na katika kulitafuta tumekutana na mambo ambayo tunaona yanatuhusu sana sisi wa upande huu wa Gwarama, pengine kuliko watu wa Dar es Salaam.

Tuanze na makazi. Shina lake ni kukaa, kitenzi chenye maana mbili ambazo Mswahili hazitenganishi: kuketi na kuishi. Tunamwambia mgeni akae, yaani aketi. Tunamwuliza anakaa wapi, yaani anaishi wapi. Humo yamezaliwa makao, makazi, mkazi na mkaaji. Ndiyo kusema, mwenye makazi ni mtu aliyeketi, na asiye na makazi, tukiifuata lugha hadi mwisho wake, ni mtu aliyesimama mlangoni ambaye hakuna aliyemsogezea kiti. Watafsiri wa Injili ya Yohane walichagua neno makao walipofika sura ya 14, pale Bwana anapozungumza juu ya nyumba ya Baba, nasi tunaona walichagua vema.

Liko pia neno maskani, lililotujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa sauti tatu, s, k na n, wenye maana ya kutulia na kukaa. Chini ya mzizi huohuo kamusi za Kiarabu huliweka neno miskini, ambalo kwetu limekuwa maskini. Tulipokuwa seminarini tulifurahia sana jambo hili: maskini na maskani ni ndugu wa tumbo moja! Kumbe wataalamu wa lugha za kale wanatuambia kwamba undugu huo ni wa kuasiliwa. Maskini walitoka mbali zaidi, Babeli ya kale, ambako sheria za Mfalme Hammurabi zilitaja tabaka la watu waliokuwa juu ya mtumwa na chini ya muungwana, wakiitwa mushkenum. Neno hilo likapita katika Kiaramu, likaingia Kiarabu, likafika kwetu pwani, na kwa njia nyingine likavuka hadi Ufaransa, ambako leo mesquin ni mtu mwenye roho ndogo. Hata hivyo hatuwalaumu Waarabu wa kale waliowaweka maskini na maskani katika ukurasa mmoja. Sikio lao lilisikia jambo ambalo kila paroko hulisikia ofisini mwake: maskini akianza kueleza shida zake, haipiti muda ataitaja nyumba.

Lakini hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalomuuma Mswahili. Linalouma ni dogo zaidi, halina hata jina ndani yake: kwao. Tunasema kwetu, kwenu, kwao, na hatuhitaji kutaja nyumba wala kijiji wala nchi, vyote vimo. Swali la kwanza analoulizwa mgeni ni kwenu wapi, na jibu lake si anwani. Mtu aweza kupanga chumba mjini miaka thelathini, akalipa kodi bila kukosa, na bado akasema Krismasi anakwenda kwao. Kinyume chake, mtu aweza kuunguliwa na nyumba usiku wa leo, akalala chini ya mwembe, na hakuna atakayesema hana kwao. Kusema fulani hana kwao ni kumtia jeraha. Methali ya pwani inayosema mkataa kwao mtumwa haikuwa mchezo wa maneno siku ilipotungwa: mtumwa alikuwa ndiye mtu asiye na kwao, hata kama bwana wake alimlaza katika nyumba ya mawe yenye milango ya nakshi. Alikuwa na nyumba. Kwao ndiko alikokosa.

Basi tunapouliza Kiswahili kina neno gani la kukosa makazi, yatupasa kwanza kuamua tunauliza upungufu upi, wa paa au wa watu. Historia ya nchi yetu imeichanganya miwili hii mara nyingi, na mara nyingi kwa hasara ya mnyonge.

Mfano wa kwanza ni neno mhuni. Leo tunalitumia kwa kijana mtovu wa adabu, lakini kamusi za zamani humwonyesha mhuni kuwa mtu anayetangatanga, asiye na mke, asiye na kazi ya kudumu wala mji wake. Upungufu wake ulikuwa wa makao kabla haujawa wa tabia. Serikali ya Waingereza ikalikuta neno hilo mitaani Dar es Salaam, na mwaka 1944 ikapitisha sheria ya kuwaondoa mijini watu iliowaona kuwa hawatakiwi. Wahuni wakakusanywa na kurudishwa "kwao". Tunaliweka neno hilo katika alama kwa sababu wengi walikuwa wamekuja mjini kwa kuwa huko kwao hakukuwa na kodi ya kichwa ya kulipia. Uhuru ulipokuja, mazoea hayo hayakuondoka na gavana. Wenye umri wanaikumbuka Nguvu Kazi ya mwaka 1983, vijana walipokamatwa barabarani kwa kosa la uzururaji na kupakiwa kwenye malori kupelekwa mashambani. Kosa la uzururaji lenyewe lina asili yake katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa London siku ambazo askari wa vita vya Napoleon waliokuwa wameachishwa kazi walijaa barabarani bila pa kulala. Hivyo kijana wa Kibondo aliyekamatwa Kariakoo alihukumiwa kwa hofu ya watu ambao hakuwahi kuwaona, juu ya askari waliokufa zamani. Tangu hapo, mtu akikosa pa kukaa huulizwa kwanza amefanya kosa gani.

Mfano wa pili ni mwema zaidi, na ni wa Kanisa la upande wetu wa magharibi. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na wafanyabiashara ya watumwa, akakombolewa Algeria na Mapadre Weupe. Akasomea uganga Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akaoa hapo, akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa kipimo cha methali ile, hakuwa na kwao: kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya bara, na lugha ya mama yake hapakuwa na mtu wa kuisema naye. Lakini hatujapata kusikia mtu yeyote wa Karema akimwita mgeni. Kwa hiyo kwao hupatikana. Vikarieti ya Kigoma ilimegwa kutoka ile ya Karema mwaka 1946, na kwa hiyo sisi sote wa Buha ni wadogo wa kiroho wa mtu huyo.

Sasa tuje nyumbani. Muha wa zamani hakukaa kijijini. Kila mji, yaani mke, mume, watoto na ndizi zao, ulikuwa juu ya mgongo wa kilima, ukitazamana na mwingine ng'ambo ya bonde, na kilima ndicho kilichokuwa na jina. Ukimsikia mzee wa upande wetu akisema fulani ni wa mahali fulani, anataja kilima. Makazi ya namna hii yalihamishwa mara tatu ndani ya miaka hamsini, kila mara kwa sababu njema iliyoandikwa na mtu ambaye hakulala humo.

Mara ya kwanza ilikuwa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwaondoa watu wa Tanganyika ya magharibi, Buha ikiwamo, kutoka maporini yenye mbung'o na kuwakusanya mahali pamoja, ili misitu isafishwe na ugonjwa uzuiwe. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na wengine walipona kwa hatua hiyo, hatusemi vinginevyo. Mara ya pili hakuna aliyefukuzwa, ila kodi na uhaba wa fedha viliwaita wanaume. Waha wakawa manamba, wakachukuliwa na ofisi ya waajiri wa mkonge iliyojulikana kwa jina la SILABU, wakapelekwa Tanga na Morogoro, kila mmoja na namba yake. Ni vizuri tukumbuke kwamba huko waliishi katika kambi. Watu wengi hudhani neno kambi lililetwa Kibondo na wakimbizi. Babu zetu walilirudisha kutoka mkonge, pamoja na blanketi na kikohozi. Na wapo ambao hawakurudi, na wajukuu wao leo ni watu wa Korogwe na Muheza, na wakiulizwa kwao husita kidogo.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 1972. Kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, tarehe 6 Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, mkoa wetu ulikuwa umekwisha kuhamishwa kwa Operesheni Kigoma. Watu walishuka vilimani wakajipanga kando ya barabara, viwanja vikiwa vimepimwa kwa mstari. Shule ilikaribia, zahanati ilikaribia, na katekista aliyekuwa akitembea siku mbili kufundisha watoto kumi sasa aliwapata sitini mahali pamoja. Kanisa lilifaidika, nalo lisijifanye kutokumbuka. Lakini wazee husimulia walivyobeba milango kichwani, kwa maana mti mzuri wa mlango haukuwa wa kuachwa, na walivyolala nje mvua zikianza, kwa kuwa nyumba ya zamani ilikuwa imeondolewa paa na mpya haijaezekwa. Kwa majuma hayo walikuwa watu wasio na makazi kwa kila maana ya maneno hayo. Hakuna aliyewaita hivyo. Waliitwa wanavijiji.

Na mwaka huohuo wa 1972, barabara hizohizo zilipokea watu wengine. Kuanzia mwisho wa Aprili, Burundi ilikuwa katika mauaji ambayo yalichukua roho za watu zaidi ya laki moja, na makumi ya maelfu wakavuka kuja Tanzania. Tumewahi kuwauliza wazee waliokuwa vijana siku hizo kama waliweza kutofautisha msafara na msafara. Mmoja alitujibu kwamba tofauti ilikuwa mlango: Muha alibeba mlango, Mrundi alibeba mtoto. Lugha zao walielewana. Kiha na Kirundi ni majirani wasiohitaji mkalimani. Magodoro ya majani yalikuwa yaleyale. Lakini wa kwanza walipewa jina lenye matumaini, na wa pili wakapewa jina ambalo wengine wao walizikwa nalo: wakimbizi.

Mkimbizi, katika kamusi za kabla ya vita, ni mtu yeyote anayekimbia: aliyetoroka deni, jela, bwana wake au mkewe. Lilikuwa jina la tendo, na tendo likiisha jina liliisha. Mtu akishafika na kuketi hakimbii tena. Ilikuwa baada ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ndipo neno likawa hadhi, lenye kadi na mgawo na idara yake serikalini. Tunazishukuru sheria hizo, zimeokoa watu. Lakini ziligeuza tendo kuwa kabila. Mtu aliyekimbia siku tatu akawa mkimbizi miaka arobaini, na mwanawe aliyezaliwa Katumba, ambaye hajakimbia hata mbio za shule, akawa mkimbizi kabla hajatambaa.

Hapa Kiswahili cha serikali kilifanya jambo la ajabu. Maeneo waliyopelekwa watu wa 1972, Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, hayakuitwa kambi. Yaliitwa makazi. Aliyeyasimamia aliitwa Mkuu wa Makazi. Walipewa ardhi ya kulima, wakalima tumbaku na mahindi na maharagwe, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa hawaombi mgawo kwa mtu. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Nishani ya Nansen kwa ukarimu huo, na aliistahili. Hata hivyo angalia neno lilivyopinduka: watu waliosemekana hawana kwao ndio ambao mahali pao paliitwa rasmi Makazi. Walikuwa na makazi. Kwao ndiko hawakuwa nako.

Walipokuja wengine, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mambo yalikuwa yamebadilika. Majirani walikuwa wamechoka, misitu imepungua, na wakubwa wa dunia walikuwa na wakimbizi wengine wa kuhudumia. Sasa yalikuwa makambi: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, pamoja na Nyarugusu ya Wakongomani tangu mwaka 1996. Sheria ya mwaka 1998 iliweka wazi kwamba mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Miaka mitatu haijapita, vurugu za Bujumbura za mwaka 2015 zikaleta tena watu zaidi ya laki mbili. Nduta ikafunguliwa upya, na Januari 2016 Mtendeli pia, hapa hapa kwetu Kakonko. Mtendeli ikafungwa mwishoni mwa 2021. Baadhi ya waliorudi Burundi walikuwa wanarudi kwa mara ya pili katika maisha yao, na wachache kwa mara ya tatu.

Katika Kirundi mkimbizi ni impunzi, kutoka guhunga, kukimbia. Njia ya maana ni ileile ya Kiswahili. Lakini Warundi wana neno jingine ambalo tunaliona zito zaidi: itongo. Kwao itongo ni ardhi ya ukoo, ile uliyoachiwa na baba na utakayowaachia wanao. Sasa chukua kamusi ya zamani ya Kiswahili utafute tongo. Utaambiwa ni mahali palipokuwa na makazi pakaachwa, sawa na ganjo au mahame. Neno ni moja, tena katika lugha mbili zinazopakana. Upande huu ni mabaki ya mji, upande ule ni urithi. Aliyerudi Burundi baada ya miaka thelathini alikwenda kutafuta itongo, na mara nyingi alikuta mtu mwingine amejenga juu yake, naye ana karatasi. Mwaka 2006 serikali ya Burundi iliunda tume ya ardhi kwa ajili ya mashauri hayo, na yalikuwa maelfu kwa maelfu. Wasiopata chochote walijengewa vijiji vipya, nyumba za mstari kando ya barabara. Mzee wa Gwarama angevitambua mara moja.

Sasa tutaje lililotufanya tuandike haya. Katika kitabu cha ubatizo kuna safu ya mahali pa kuzaliwa. Katika vitabu vya kabla ya 1972 mapadre wa zamani waliandika jina la kilima. Leo wazee wetu, na hata watoto wao, wanakuja kuomba nakala ya cheti cha ubatizo ili wathibitishe walikozaliwa, kwa maana Muha wa mpakani huombwa uthibitisho ambao Mchaga haombwi. Mara kadhaa cheti kimerudi. Karani wa ofisi moja, kijana asiye na ubaya wowote, alitafuta kilima hicho katika orodha ya vijiji asikione, akahitimisha kwamba kiko Burundi. Kumbe kiko juu yetu. Kanisani ukitoka mlango wa kusini unakiona, na miembe ya waliokipanda bado inazaa. Kilipoteza jina mwaka 1972 watu walipoteremshwa. Hivyo Mtanzania aliyehamishwa na serikali yake kilomita nne anaitwa mgeni kwa sababu ya kuhamishwa huko, na anaambulia, uzeeni, jina ambalo jirani yake alipewa mwaka uleule barabarani. Nyumba anayo. Anachonyang'anywa ni kwao.

Katika jambo hili Kanisa haliwezi kusimama kando, kwa maana jina lake lenyewe limo. Neno parokia tulilipokea kutoka Kilatini, nacho kililipokea kutoka Kigiriki, paroikia. Oikos ni nyumba. Para ni kando. Paroikos alikuwa mtu anayekaa kando ya nyumba za wenyewe: mkazi asiye raia. Katika miji ya Kigiriki ya Asia Ndogo hilo lilikuwa tabaka la kisheria, lenye kulipa na kutumika bila kupiga kura. Waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walilitumia kwa Abrahamu, katika sura ya 23 ya Mwanzo, anapokwenda kwa Wahiti kuomba auziwe kaburi la mkewe Sara. Mtume Petro aliwaandikia Wakristo wa Asia kwa jina hilohilo. Na kama mwishoni mwa karne ya kwanza, Klementi alipowaandikia Wakorintho, aliyataja makanisa yote mawili, la Roma na lao, kuwa yanakaa ugenini. Parokia haikuwa eneo lenye mipaka na nyumba ya mapadre. Ilikuwa kundi la watu wasio na kwao mjini. Papa Pius XII alipoandika mwaka 1952 kuhusu wahamiaji na wakimbizi, alianza na familia ya Nazareti ikiwa Misri. Na mwishoni mwa mwaka 1987, mwaka ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutenga kwa ajili ya wasio na makazi, Tume ya Haki na Amani ya Roma iliandika kwamba nyumba haiwezi kutazamwa kama bidhaa tu. Ni nyaraka nzuri. Lakini neno parokia lilikuwa limekwisha kusema zamani, na linasema kila tunapoligonga kwenye muhuri wa cheti.

Tena paroikos aliweza kukoma kuwa paroikos. Mwaka 133 kabla ya Kristo, Mfalme Attalo wa Tatu wa Pergamo alipofariki na mji ukawa hatarini, wananchi wa Pergamo walipitisha azimio la kuwapa uraia paroikoi waliokuwa wameandikishwa. Miaka zaidi ya 2,100 baadaye Tanzania ilifanya jambo linalofanana nalo. Warundi zaidi ya 162,000 wa yale makazi matatu walikubaliwa uraia, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti. Ni mara chache sana dunia imeona nchi ikifanya hivyo kwa kundi kubwa namna hiyo, na tunaona ajabu kwamba Watanzania hatujivunii jambo hili hata nusu ya tunavyojivunia mlima. Wapo wengine wa 1972 ambao hawakwenda katika makazi, walibaki vijijini mwa Kigoma wakaoa na kuolewa. Hao hawakuhesabiwa pamoja na wale laki moja na sitini, na ndio ambao karani huwachanganya na Waha, na Waha nao.

Abrahamu tumemtaja kwa sababu moja zaidi. Ahadi ya nchi alikuwa nayo, na mifugo, na mahema, lakini kipande cha kwanza cha ardhi alichomiliki kilikuwa kaburi, naye alikilipia fedha mbele ya mashahidi. Kwetu pia kwao mtu ni pale walipolala wake. Pale Mtendeli mahema yameondolewa na majani yamerudi, lakini makaburi yapo. Wapo watoto waliozikwa hapo ambao mama zao sasa wako ng'ambo, na baadhi ya mama hao wametuma salamu kwa njia ya wafanyabiashara wa soko la mpakani, wakiuliza kama misalaba ingali imesimama. Mingi ilikuwa ya miti, mchwa wameila. Majina tunayo, kwa kuwa waliobatizwa tuliwaandika.

Kwa hiyo halmashauri ya walei imekubaliana na sisi mambo mawili. Katika kitabu cha ubatizo, kwa waliozaliwa kambini, tutaandika Mtendeli, au Nduta, kama tunavyoandika Gwarama au Kasanda, bila kuongeza neno lolote. Na kwa ajili ya wazee, tunaandaa orodha ya vilima vyote vinavyotajwa katika vitabu vya kabla ya 1972, kila kimoja na kijiji kilichopokea watu wake, ili iambatanishwe na cheti na karani apate pa kutazama. Mpaka sasa tumevitambua vilima kumi na tisa, na saba hatujui viko wapi. Mwenye babu au bibi anayekumbuka majina ya mahame, amlete ofisini siku yoyote isipokuwa Jumatatu, au aseme tumfuate. Baiskeli ya katekista imetengenezwa.